Vidonge Alivyovificha Yusta

Theodosia alivikuta vile vidonge akitafuta chumvi. Alikuwa ameinjika sombe, mboga ya majani ya muhogo, jikoni kwa mkwewe Yusta, akaonja, akaona imepooza, akaanza kufungua makopo yaliyopangwa kwenye rafu ya mbao. Ndani ya kopo la kahawa, nyuma kabisa, hakukuta chumvi wala kahawa. Alikuta kipakiti cha karatasi kilichokunjwa vizuri, na ndani yake vidonge vidogo vya manjano.

Hakujua kusoma, na wala hakuona haja ya kusoma. Miaka yote aliyoishi Busunzu alishawasikia wanawake wakinong'ona kisimani juu ya vidonge vinavyofichwa ndani ya nyumba. Vidonge vya majira. Vya kuzuia mimba.

Yusta aliporudi kutoka shambani, jembe begani na binti yake Ndayikeza mgongoni, alimkuta mama mkwe amesimama uwanjani kando ya mihogo iliyoanikwa, mkono umenyooshwa, kiganja wazi.

"Hivi ni nini?"

Yusta alisimama palepale.

"Ni dawa, mama."

"Dawa ya nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mtu asiyeumwa anakunywa dawa ya nini?"

Yusta alishusha jembe begani. Jibu alikuwa nalo, lakini jibu lenyewe alikuwa akiliogopa kuliko tuhuma aliyoiona machoni mwa yule mama.

"Mwanangu yuko Kasulu anachomwa na jua juu ya majengo ya watu," Theodosia alisema, sauti ikipanda. "Kila akipiga simu ananiuliza, mama, nyumbani kuna habari? Namwambia tumwachie Mungu. Kumbe Mungu anasingiziwa! Kumbe wewe ndiye unayefunga mlango!"

"Mama, sivyo unavyofikiri. Nisikilize kidogo..."

Theodosia hakusikiliza. Alishageuka, akakata moja kwa moja nyuma ya migomba kilipo choo, na aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Aliifuta kwenye kitenge, akatoa simu yake ya kitochi kifuani, akampigia mwanawe. Ndayikeza, ambaye hakuelewa chochote ila alijua kusoma sura za watu, alijibana kwenye shingo ya mama yake.

Yusta alizaliwa hukohuko Busunzu, wilayani Kibondo, wazazi wake wakiwa wamevuka kutoka Burundi ujanani na baadaye kupewa uraia. Aliolewa na Manirambona, fundi wa kujenga, kijana asiye na maneno mengi ambaye ukoo wake nao ulitokea upande uleule wa mpaka. Mimba yao ya kwanza ilipokelewa kwa shangwe. Yusta alikwenda kliniki kama walivyokwenda wenzake wote kijijini, yaani baada ya tumbo kuchomoza. Alipewa vidonge vya kuongeza damu. Alivimeza siku alizoweza, na siku ambazo kichefuchefu kilimzidi aliviacha.

Mtoto alizaliwa akilia kwa nguvu. Mkunga alimpokea kwa furaha, akamgeuza amfute mgongo, na ghafla akaacha kuongea. Chini mgongoni palikuwa na kifuko cha ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, kimejaa maji. Ndiyo mara ya kwanza Yusta kulisikia jina hilo: mgongo wazi.

Walipelekwa Mwanza. Madaktari walifanya upasuaji, na mama na mtoto wakakaa huko mpaka Yusta akazoea harufu ya wodi kuliko ya nyumba yake. Ndayikeza alipona. Alikua mwerevu, mwenye ulimi mwepesi, mpenda nyimbo za kanisani, lakini miguu yake haikuamka. Hata mkojo haukutoka wenyewe. Yusta alifundishwa kuutoa kwa mpira mwembamba, akawa anauchemsha mpira huo kwenye kisufuria chake cha peke yake, asubuhi, mchana na jioni, shambani akienda nao, kanisani akienda nao.

Watu nao hawakukosa la kusema. Ndugu wa Theodosia walisema jambo hilo limetoka kwa ukoo wa Yusta. Shangazi zake Yusta wakasema limetoka kwa babu wa Manirambona aliyezikwa ugenini bila matambiko. Hakuna aliyesema mbele yake, lakini nyumba za tope hazizuii sauti. Maneno yalirushwa huku na kule kama mpira, na Yusta alichokuwa akisubiri ni siku moja yatue miguuni pake yasiondoke tena.

Baada ya Mwanza, yeye na mumewe walikubaliana apumzike. Akawa anachomwa sindano ya uzazi wa mpango, na hilo Theodosia hakuambiwa. Kisha siku moja Manirambona, akiwa anapigilia misumari kwenye kiti alichokuwa akimtengenezea binti yao, alisema bila kuinua kichwa, "Ndayi anahitaji mwenzake, Mama Ndayi." Yusta akaacha sindano. Miezi ikapita pasipo kitu. Mumewe alikuwa akija kutoka Kasulu, anamtazama usoni, hamuulizi, anaondoka.

Hapo ndipo alipokwenda zahanati kuuliza kama sindano ile ilikuwa imemharibu. Nesi wa pale aliitwa Careen, mwanamke wa Kilimanjaro aliyepangiwa kazi Kibondo na kujikuta amezoea baridi ya huku na ukungu wake. Alimweleza kwamba sindano huchukua muda kutoka mwilini, asiwe na hofu. Kisha akamtazama Ndayikeza aliyekaa sakafuni akichezea vifuniko vya chupa, akasema, "Ila wewe usisubiri mimba ndipo uje. Wewe unaanza sasa."

"Naanza nini?"

"Asidi ya foliki. Ni vitamini. Mgongo wa mtoto unafunga mapema sana, dada yangu, wakati mama mwenyewe bado hajashtuka kwamba siku zake zimepita. Ukija hapa tumbo limeshaonekana nitakupa vidonge, na vitakusaidia damu, vitamsaidia mtoto kukua. Lakini mgongo utakuwa ulishamaliza kazi yake, iwe vizuri iwe vibaya. Sasa wewe uliyewahi kupata mtoto wa namna hii unahitaji vyenye nguvu kuliko vya wengine, na unaanza kabla."

Yusta alimtazama binti yake pale sakafuni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mwili wangu ulikuwa na upungufu? Ni mimi?"

"Sijasema hivyo. Wapo waliokula vizuri na kumeza kila kitu, na bado wakapata. Wapo ambao hawakumeza hata kimoja na wakazaa salama. Vidonge hivi vinapunguza hatari, tena vinaipunguza sana. Haviiondoi yote. Na wewe hakuna aliyekuambia."

Lakini Yusta alikuwa ameshalisikia lile moja tu, na ndilo alilorudi nalo nyumbani. Mwili wake ulipungukiwa kitu. Akimwambia Manirambona, Manirambona atamwambia mama yake, na mama yake atakuwa amepata hukumu iliyotafutwa miaka yote: ni huyu, ni damu yake. Akavitia vidonge kwenye kopo la kahawa. Kila asubuhi akiwasha moto alimeza kimoja akiwa ameupa mlango mgongo, na hivyo akaumaliza mwezi na kuuanza mwingine.

Jua likiwa linazama siku ile ya ugomvi, simu yake iliita.

"Yusta." Mumewe hakumwita Mama Ndayi. "Uliniambia umeacha sindano."

"Niliacha."

"Na vidonge ni vya nini?"

Theodosia alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua chache tu, masikio yote yako kwake. Yusta alisema, "Tutaongea ukija."

Kisha Manirambona akasema, "Nakuja kesho. Mama amemwita baba mdogo Nestori. Tutakaa mchana, mtu aseme ukweli." Simu ikakatika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Siku zake zilikuwa zimechelewa.

Asubuhi alimfunga Ndayikeza mgongoni, akachukua kifurushi chenye kisufuria na mpira wake, kabla mama mkwe hajatoka kulisha mbuzi, akaenda zahanati. Careen alimpima mkojo. Walisubiri wote wawili wakikitazama kile kipimo mezani, mpaka mstari wa pili ukajitokeza, hafifu kwanza, kisha wazi.

"Hongera!" Careen alisema akicheka. Kisha akaona uso wa Yusta. "Kuna nini?"

"Vidonge vimetupwa chooni. Mama mkwe alidhani ni vya majira."

Careen aliacha kucheka. Alikwenda kabatini, akafungua, akapekua, akarudi na pakiti ya vidonge vyekundu tu. "Vile vya manjano vimeniishia, na mzigo mpya bado haujaletwa. Ninavyo hivi vya damu, vina madini chuma na foliki kidogo."

"Nikimeza vingi kwa pamoja, havitafikia?"

"Usithubutu!" Careen alimshika mkono. "Chuma kikizidi kinadhuru. Kimoja kwa siku, basi. Vile vyako utavipata duka la dawa, Kibondo mjini au Kasulu. Nakuandikia. Lakini visingoje wiki ijayo, Yusta. Mgongo unafunga katika siku hizihizi."

Alitoka pale akitembea haraka kuliko pumzi yake. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya mikaratusi, na upepo ulileta harufu ya udongo unaongoja mvua. Alipofika panapogawanyika njia, alisimama. Njia moja ilishuka kwenda nyumbani, ambako Nestori alikuwa pengine ameshafika na kuwekewa kiti. Nyingine ilikwenda barabara kuu. Akirudi nyumbani atakalishwa, ataulizwa, maneno yatazaa maneno, na siku itaisha. Kesho watasema asitoke. Asipotokea kikaoni watasema amekimbia kwa sababu ana hatia.

Akaishika njia ya barabara kuu.

"Mama," Ndayikeza alimwambia sikioni, "nyumbani ni kule."

"Najua, mwanangu, mwana wanje."

"Sasa mbona tunapita huku?"

"Tunakwenda kumtafutia mwenzako dawa."

Mtoto alifikiri kidogo. "Mwenzangu yuko wapi?"

Yusta alimfunika kichwa kwa kitenge. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Alifika barabarani kitenge kimelowa, akajibanza chini ya kibanda cha mabati cha wauza mahindi akitazama upande wa Kasulu, akingoja gari lolote la kwenda Kibondo. Mwanamke wa kijijini kwao alipita na ndoo ya maharage kichwani, akamwangalia, akaangalia na kifurushi alichokibeba, akaharakisha hatua. Yusta alijua kwamba kabla hajapata gari, habari itakuwa imefika nyumbani: mkaza mwana ametoroka na mtoto.

Gari halikuja. Kilichokuja ni pikipiki, na aliyekuwa juu yake, koti la mvua limemganda mwilini, alikuwa Manirambona.

Alifunga breki, ikateleza kwenye tope jekundu, nusura imwangushe. Alishuka bila kuizima.

"Unakwenda wapi na mtoto wangu?"

"Kibondo."

"Kufanya nini? Tumeitana nyumbani, watu wanakungoja, wewe uko barabarani na mzigo?" Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na Yusta hakujua kama ni kwa hasira au kwa baridi. "Kama hunitaki useme. Kama hutaki kunizalia useme, Yusta! Kwa nini ukubali kwa mdomo halafu unakunywa vidonge gizani?"

"Nina mimba."

Mvua ilipiga mabati. Manirambona alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ngeni.

"Una nini?"

"Nina mimba. Nesi amenipima asubuhi hii. Na vidonge alivyotupa mama havikuwa vya kuzuia, vilikuwa vya kumlinda huyu. Vya mgongo. Ili asizaliwe kama..." Alikatiza, akatupa jicho nyuma kwa binti yake aliyemkumbatia. Akashusha sauti. "Mwili wangu unahitaji vitamini fulani mapema, kabla ya mimba. Wakati wa Ndayi sikuwa nayo. Sikujua. Nilipoambiwa nikaogopa kukwambia, kwa sababu mtasema ni mimi niliyemleta hivi. Basi semeni. Nimechoka kuogopa. Lakini leo nivipate vidonge, maana siku zenyewe ndizo hizi."

Alisema yote hayo bila kupumzika, na alipomaliza alikuwa analia. Manirambona hakumkumbatia, hakusema pole. Alijifuta maji usoni kwa kiganja. Mtu ambaye ameambiwa uongo mara moja, au anayeamini ameambiwa, huwa na kazi ya kuuamini ukweli unaofuata.

"Panda," alisema hatimaye. "Twende wote. Nitauliza mwenyewe."

Duka la dawa lilikuwa karibu na stendi ya Kibondo. Muuzaji aliitwa Rashid, mzee wa makamo mwenye kofia ya kufuma na miwani iliyoshuka puani. Manirambona aliweka cheti cha nesi kwenye kaunta, akaweka kiganja juu yake kabla mwenye duka hajakichukua.

"Mzee, shikamoo. Nataka uniambie kweli. Hivi vidonge vilivyoandikwa hapa vinazuia mimba?"

Wateja wawili waligeuka. Yusta aliinamisha kichwa.

Rashid alikisoma cheti, akawatazama wote watatu, akakawia kidogo kwenye miguu ya Ndayikeza iliyoning'inia. "Marahaba. Vinazuia mimba? Hapana, kijana wangu. Hivi ni vya mwanamke anayetafuta mtoto. Wake wa wenzako wanakuja kuvitafuta wakiwa wamechelewa, tumbo liko hapa. Nani amekuambia vinazuia?"

Manirambona alipokea pakiti, akaigeuzageuza mkononi. Kisha akaomba maji. Rashid akampa kikombe. Manirambona akatoa kidonge kimoja cha manjano, akamwekea mkewe kiganjani.

"Meza," alisema. "Mbele yangu." Na mkewe alipokimeza, akaongeza kwa sauti ambayo wale wateja hawakuisikia, "Ungeniambia, Mama Ndayi."

Walipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika. Nestori alikuwa sebuleni, mtu mrefu mwenye kukohoa, amekwisha kunywa chai aliyoandaliwa na kuchoka kungoja. Theodosia alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Umerudi! Nilisema umeenda kwenu."

"Alikwenda kununua dawa, mama," Manirambona alisema. "Nimekwenda naye." Na akawaeleza, kwa maneno yake machache, alichoambiwa na nesi kupitia mkewe na alichoambiwa dukani. Alipotaja mimba, Nestori alitikisa kichwa kwa furaha. Theodosia aliketi chini polepole.

Kisha akasema lile ambalo Yusta alikuwa akilisubiri tangu Mwanza.

"Kwa hiyo lilitoka kwenye damu yako."

Yusta aliona mumewe akijiandaa kusema, akamwahi.

"Ego, mama, ndiyo. Inawezekana. Labda mwili wangu ulipungukiwa, na labda sivyo, hata wenye kusomea hawana uhakika. Lakini kama ni kwangu, basi na kinga mimi ndiye wa kuimeza. Sasa nikivimeza vinatupwa. Mnataka nifanye nini?"

Nestori alikohoa, akamgeukia shemeji yake. "Vilitupwa wapi?"

"Chooni," Theodosia alisema.

"Dawa ya mjukuu wako umeitupa chooni?"

Theodosia aliinuka, akaenda jikoni, wakamsikia akigonganisha masufuria. Siku hiyo hakutoka huko mpaka Nestori alipoaga.

Hofu haikuishia hapo. Ndani ya kichwa cha Yusta ilibaki asubuhi ile moja aliyopitisha bila kidonge. Alikuwa akipalilia, mara inamjia: vipi kama ndiyo asubuhi mgongo ulipokuwa unafunga? Alimuuliza Careen, na Careen akamwambia kwamba kwa muda wote aliokuwa ameshavimeza mwili ulikuwa na akiba, asubuhi moja haiwezi kuimaliza. Alielewa. Hakutulia. Kila asubuhi sasa alimeza kidonge hadharani, na Theodosia akiwa uwanjani alimtazama.

Wiki za mwanzo zikapita, vidonge vya manjano vikaisha, akahamia vile vyekundu vya damu. Vilimchafua tumbo, choo kikawa cheusi mpaka akaogopa, Careen akamwambia ndivyo vilivyo. Akaambiwa asivimezee chai, kwa sababu chai inazuia mwili kuchukua kile chuma. Asubuhi iliyofuata Yusta alisahau, akawa anapeleka kikombe mdomoni. Mkono ukatokea, ukakichukua.

"Chai baadaye," Theodosia alisema. "Mimi hivyo vidonge siviamini. Ila kama unavimeza, vimeze inavyotakiwa." Akamwekea maji, na pembeni bakuli la mchicha wa lengalenga.

Mimba ilipofika katikati, Careen alimwandikia akapige picha ya tumbo, nao wakachagua Kasulu kwa kuwa Manirambona alikuwa na chumba huko. Theodosia alisema anakwenda. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Ndayikeza aliachwa kwa bibi yake mzaa mama pamoja na kisufuria chake na maelekezo mengi.

Chumba cha kipimo kilikuwa kidogo na chenye pazia zito. Yusta alilala chali. Daktari, msichana mdogo mwenye sauti ya kuchoka, alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akaanza kusogeza kile kifaa. Kwenye kioo kulikuwa na kivuli kinachotembea ndani ya kivuli. Yusta hakutazama kioo. Alimtazama daktari.

"Moyo unapiga vizuri," daktari alisema. Kisha akaacha kusema. Akasogeza kifaa kushoto. Akakibonyeza. Akakunja uso, akasogea karibu na kioo. Yusta alikijua kimya cha namna hiyo. Alikisikia mara moja, mkunga alipomgeuza Ndayikeza.

"Kuna nini?" Manirambona aliuliza kutoka pembeni.

"Subiri, amelala vibaya, mgongo ameu..."

Umeme ukakatika. Kioo kikazimika, chumba kikawa giza tupu mchana kweupe.

"Samahani," sauti ya daktari ilisema. "Watawasha jenereta."

Hawakuwasha mara moja. Nje watu walikuwa wakiitana, mtu anatafuta ufunguo, mwingine anauliza mafuta. Yusta alilala gizani na tumbo limelowa, mikono imeshika kingo za kitanda. Aliwaza, amekunja uso. Ameona kitu. Angekuwa hajaona kitu angesema. Aliwaza pia juu ya Ndayikeza, anavyocheka mpaka anapaliwa, na akaona aibu, kana kwamba kuomba huyu awe na mgongo mzima ni kumkana yule. Hakumkana. Asingembadilisha kwa mtoto yeyote duniani. Alichotaka ni huyu asipitie kisu siku ya kwanza ya maisha yake.

Gizani akasikia mnong'ono. Theodosia alikuwa anasali, kwa Kiha, haraka haraka, na mkono wake mkavu ukapapasa mpaka ukakipata kifundo cha mguu wa Yusta, ukakishika. Haukuachia.

Jenereta ilinguruma. Mashine ilichukua muda wake kuamka. Daktari akarudisha kifaa, akamwambia Yusta ageuke ubavu, akamgongagonga tumbo kwa vidole, na kile kivuli kikajipindua.

"Haya, ndiyo," daktari alisema. "Sasa nauona."

"Mgongo umefunga?" Aliyeuliza ni Theodosia.

Daktari aligeuka akashangaa kidogo, kisha akawaonyesha kwa kidole mstari mweupe wa nukta nukta uliopinda kama mkufu. "Huu hapa. Kutoka shingoni mpaka chini kabisa. Umefunga. Na kichwa kiko sawa. Picha haioni kila kitu, mama, lakini ninachokiona ni kizuri."

Manirambona alitoka nje ya chumba. Walimkuta baadaye amechuchumaa ukutani, uso ameuficha kwenye viganja. Theodosia alikiachia kile kifundo, akajifunga kitenge upya, akauliza kama mgonjwa anaruhusiwa kula sasa au bado.

Mtoto alizaliwa Kibondo wakati wa mavuno ya maharage, mvulana mzito mwenye hasira. Uchungu ulikuwa mrefu, lakini damu aliyopoteza Yusta mwili wake uliimudu, na mkunga alisema vile vidonge vyekundu vilifanya kazi yake. Walimwita Nduwayezu. Theodosia aliporuhusiwa kuingia hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alimfunua, akamlaza kifudifudi kwenye mapaja yake, akapitisha kidole gumba taratibu kutoka shingoni hadi kwenye makalio, akarudia tena. Ndipo akamfunika, akampa mama yake.

Theodosia hakuwahi kuomba radhi kwa vile vidonge vya manjano. Lakini mjukuu wa dada yake alipochumbiwa upande wa Kitahana, alimtuma Yusta amwelekeze huyo binti zahanati kabla ya harusi, na alipoulizwa na wenzake ni dawa gani hiyo ya kumpa bibi harusi, aliwajibu kwa ukali kwamba ni ya mgongo, na asiyejua akaulize.

Ndayikeza alimpokea mdogo wake kwa maswali. Alijivuta kwa mikono mpaka kwenye mkeka alipolazwa mtoto, akamkagua vidole, masikio, kitovu. Mchana mmoja, Yusta akiwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, binti yake alinyoosha mkono akaushika ule mgongo mdogo uliolowa. Akaupapasa. Kisha akapeleka mkono wake mwenyewe nyuma, chini ya gauni, pale palipo na kovu lake la upasuaji.

"Mama, mbona yeye hana?"

Yusta aliendelea kumwagia mtoto maji kwa kiganja. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya watu wote, ila si kwa swali hili.

"Kwa sababu wakati wako sikujua kitu, Ndayi," alisema. "Wakati wake nilikuwa nimeambiwa."

Ndayikeza alilitafakari jibu hilo, mkono bado uko nyuma. "Kama ungeambiwa zamani, ningetembea?"

"Pengine."

"Na ningekuwa mimi?"

Yusta alimtoa mtoto majini, akamzungushia taulo, akamlaza kwenye mapaja ya dada yake. Akamwonyesha namna ya kushika kichwa. "Ungekuwa wewe," alisema. "Mshike vizuri, asiteleze." Ndayikeza akamshika kwa mikono yote miwili, akaanza kumwimbia.